Denis Burkitt: Daktari wa Upasuaji Aliyekubali Kuweka Kisu Chini

Mtoto akivimba taya au tumbo, swali la kwanza la wazazi wengi huwa ni hili: atafanyiwa upasuaji lini? Wakati mwingine upasuaji ndio unaookoa maisha. Wakati mwingine sio tiba yenyewe. Maisha ya Dkt. Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka 20, yanatusaidia kuelewa tofauti hiyo.

Kijana mwenye jicho moja

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 karibu na Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na mtoto mwenzake, akapoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilimpokea, na hapo ndipo alipoifahamu Afrika Mashariki. Mwaka 1946 alipangiwa kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, na baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wenye uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa miaka 5. Taya zake zote zilikuwa zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino halivimbi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye hali ileile. Alipompima tumbo akakuta uvimbe na humo pia.

Alianza kupekua mafaili ya wagonjwa. Akagundua kuwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari na wa ini, ambao madaktari walidhani ni magonjwa tofauti, mara nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja wa watoto. Mwaka 1958 aliandika juu yake. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, ni saratani ya chembe za kinga ya mwili, na ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi zaidi kwa binadamu.

Kisu kiliposhindwa

Burkitt alikuwa mpasuaji, hivyo alitumia alichokijua. Lakini hata taya likiondolewa, uvimbe ulirudi, mara nyingi ndani ya wiki chache, na mtoto alibaki na uso ulioharibika. Wengi walifariki baada ya miezi michache. Mashine za mionzi hazikuwepo karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata dawa mpya za saratani kutoka nje na kuanza kuwapa watoto. Kwa wengi uvimbe ulianza kunywea ndani ya siku chache. Baadhi yao walipona kabisa, wengine baada ya dozi chache tu. Burkitt aliona wazi kwamba kwa ugonjwa huu dawa inashinda kisu, naye hakuona aibu kubadili njia ingawa upasuaji ndio uliokuwa fani yake.

Safari ya kusini

Alitaka pia kujua ugonjwa unapatikana wapi. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika. Kisha Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, aliondoka Kampala na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson kwa gari kuukuu aina ya Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Walichokuta kinatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Ugonjwa ulikuwa wa sehemu za joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana juu ya mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Hiyo ndiyo tofauti kati ya baridi ya Mbeya mjini au Mufindi na joto la Kyela kando ya Ziwa Nyasa. Ni ramani ya mbu na malaria.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua kirusi kwenye sampuli zilizotoka Kampala. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Watu wengi wanacho bila kuugua. Lakini mtoto mdogo anayeugua malaria mara kwa mara kinga yake huvurugika, na hatari huongezeka. Chandarua basi kina faida nyingine zaidi ya kuzuia homa.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Baadaye alijulikana duniani kwa kuhimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki mwaka 1993.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto hospitali mapema ukiona:

- taya au shavu linavimba na kukua ndani ya siku au wiki chache
- meno yanalegea bila sababu
- jicho linatokeza nje
- tumbo linavimba au lina uvimbe mgumu
- miguu inaishiwa nguvu ghafla

Usikubali meno yang'olewe moja baada ya jingine huku uvimbe ukiendelea. Usipoteze wiki kwa mganga. Huu si uchawi, na watoto wengi hupona wakiwahi na kumaliza dozi zote. Omba rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Iringa kwa mfano, au ya kanda, Mbeya. Gharama zikikushinda, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini hapo.

Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji

Kwa limfoma ya Burkitt, upasuaji bado una kazi: kuchukua kinyama cha vipimo, au kuokoa maisha utumbo ukiziba. Tiba kuu ni dawa. Kwa kuwa uvimbe huyeyuka haraka, mtoto huwekewa maji ya dripu ili figo zisidhurike, kwa hiyo usimtoe wodini kwa sababu tu amepungua uvimbe.

Magonjwa mengine yana mizani yake. Kongosho lililovimba kwa muda mrefu, kwa mfano, huanza kutibiwa kwa dawa za maumivu, lishe na, kwa mtu mzima, kuacha pombe. Maumivu yasipokoma na mrija wake ukiwa umeziba na kutanuka, upasuaji wa kuufungulia njia unaweza kusaidia. Kukata sehemu ya kongosho ni hatua kubwa zaidi, kwa kuwa mgonjwa anaweza kubaki na kisukari.

Kwa hiyo muulize daktari:

1. Ugonjwa umethibitishwa kwa kipimo gani?
2. Upasuaji huu unaondoa ugonjwa, unapunguza maumivu, au ni wa kupata kipimo?
3. Kuna tiba nyingine, na kwa nini hamkuichagua?
4. Baada ya upasuaji mgonjwa atahitaji nini, na kwa muda gani?
5. Tukisubiri, nini kinaweza kutokea?

Una haki ya kupata majibu kwa lugha unayoielewa. Kama hukuelewa, uliza tena kabla ya kusaini.