Ngongo Lutete: mkubwa wa Ngandu aliyeuawa na wale aliowasaidia

Wasomaji wetu, kwa wauzaji wa vitu vya kienyeji mutaona shoka yenye mpini uliofunikwa na shaba nyekundu. Chuma chake kina matundu mengi na nyuso ndogo-ndogo. Muuzaji anasema ni shoka ya vita. Nyingi ni nakala za siku hizi. Na zile za zamani, Wasongye walizifua kwanza kwa heshima ya ukubwa: chifu anaiweka begani, watu wanajua ni nani anaamuru. Vita yenyewe, mwisho wa karne ya 19, ilipiganwa hasa na bunduki za baruti na mikuki. Ngongo Lutete aliijua ile vita kupita wengi.

Wengine wanamuita Mutetela, wengine Musongye. Akiwa mutoto alikamatwa, akafanywa mutumwa. Ushujaa wake ulimutoa katika utumwa, akawa mukubwa wa vita wa Tippu Tip. Alikaa Ngandu, karibu na mto Lomami, akitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vingi viliteseka juu yake, hilo tusilifiche.

Mwaka wa 1892 alipigana na askari wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, akashindwa. Mwaka ule ule akapatana na mukubwa wao, Dhanis, akawaacha Waarabu. Sefu, mutoto wa Tippu Tip, alikuwa anatawala Kasongo, na vita ikaanza. Watu wa Ngongo walijua njia, mito na namna ya kupigana ya Waarabu, kwa sababu walipigana upande wao miaka mingi. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikaanguka. Tarehe 22 Aprili, Kasongo nayo. Bila Ngongo, Wabelgiji wangepata shida kubwa kufika huku kwetu Maniema.

Malipo yake yalikuwa nini? Miezi mitano haikuisha. Dhanis akiwa mbali, maofisa wadogo walimushitaki Ngongo kwamba anataka kuwasaliti. Baraza la vita likamuhukumu, na tarehe 15 Septemba 1893 akapigwa risasi pale Ngandu. Hata Hinde, munganga Muingereza aliyekuwa katika ile vita, hakukubali kwamba kosa lilionekana.

Watu wake hawakusahau. Wengi walikuwa wamefanywa askari wa serikali na kupelekwa Luluabourg, leo Kananga. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi. Mateso na malipo mabaya yaliwachosha, lakini damu ya mukubwa wao ilikuwa moja ya sababu. Ule uasi uliisumbua serikali ya Leopold kwa miaka.

Kwa hiyo, Ngongo alikuwa shujaa ao musaliti? Kwa vijiji alivyovichoma, hakuwa shujaa. Kwa wale waliomuua, hakuwa musaliti. Watoto wetu wafundishwe yote mawili, maana ile shoka ya sokoni haitawaambia.