Alfred Werner na Rangi za Ayoni Changamano: Fundisho kwa Mwalimu wa Kemia

Katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, wakulima wa kahawa wamezoea dawa za shaba zinyunyizwazo kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Rangi yake ya buluu hubaki juu ya jani hata baada ya maji kukauka. Mjini Tunduma, mpakani na Zambia, hupita malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Hivyo wanachuo wetu wengi wameishi karibu na metali hizi tangu utoto. Hata hivyo, tunapowauliza kwa nini mmumunyo wa mrututu una rangi ya buluu na ule wa salfeti ya zinki hauna rangi, hujibu upesi kwamba sababu ni obiti d. Tukiuliza swali la pili, hunyamaza.

Kosa hilo si lao. Ndivyo tulivyofundishwa sisi, na ndivyo tulivyofundisha kwa miaka kadhaa: jibu lilitangulia, na jambo lenyewe likafuata au lisifuate kabisa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyasimulia maisha ya Alfred Werner, mtu aliyeufungua mlango wa maarifa haya kwa kufuata njia iliyo kinyume cha yetu.

Werner alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1866, mjini Mulhouse, katika Alsace, nchi iliyokuwa chini ya Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka minne, Alsace ilitwaliwa na Ujerumani, naye akakulia kati ya lugha mbili, kama wakuavyo watoto wengi wa mipakani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Tangu ujana Werner alipenda majaribio ya kemia, hata akajitengenezea maabara ndogo ghalani nyumbani kwao. Baada ya kutumikia jeshi alikwenda Zurich, nchini Uswisi, akasoma katika chuo cha ufundi cha huko na kupata shahada ya udaktari mwaka 1890. Hisabati ilimpa taabu. Lakini alikuwa na kipaji cha kuliona umbo la kitu akilini, na kipaji hicho ndicho kilichomfaa baadaye.

Wakati huo wanakemia walikabiliwa na fumbo. Kloridi ya kobalti, ikiungana na amonia, ilitoa chumvi za rangi mbalimbali. Yenye molekyuli sita za amonia ilikuwa ya manjano iliyokoza, yenye tano ilikuwa ya zambarau, na yenye nne ilikuwa ya kijani. Zote zilikuwa na kobalti moja kwa klorini tatu. Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, mtaalamu hodari wa maabara, alitengeneza chumvi nyingi za namna hii na kuzipima kwa uangalifu mkubwa. Yeye alishikilia kwamba molekyuli za amonia zimeungana mfululizo, kama shanga katika uzi.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, mwishoni mwa 1892, Werner aliamka yapata saa nane akiwa na jibu akilini, akaandika hadi saa kumi na moja jioni. Makala yake ilitoka mwaka 1893, naye alikuwa na miaka 26. Alieleza kwamba kobalti hukaa katikati, ikizungukwa na majirani sita walioshikamana nayo, kila mmoja katika pembe yake ya umbo lenye nyuso nane. Klorini iliyo miongoni mwa majirani hao haitoki upesi. Iliyo nje yao huwa huru katika mmumunyo. Ushahidi ulikuwa rahisi. Nitreti ya fedha ikitiwa, chumvi ya manjano hutoa klorini zote tatu kuwa mashapo, ya zambarau hutoa mbili, na ya kijani hutoa moja tu. Vipimo vingi alivyovitegemea Werner havikuwa vyake. Vilikuwa vya Jørgensen. Yeye aliviangalia upya na kujiuliza vinadai umbo gani.

Jørgensen hakukubali, na pingamizi lake lilikuwa la haki. Ikiwa umbo ni hilo, chumvi yenye amonia nne lazima iwe na sura mbili: klorini mbili zikielekeana, au zikiwa ubavu kwa ubavu. Sura ya pili haikuwa imeonekana. Werner, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Zurich tangu 1893, aliendelea kuutafuta ushahidi pamoja na wanafunzi wake katika maabara zilizokuwa chini ya ardhi, zenye mwanga hafifu. Miongoni mwao alikuwamo Edith Humphrey, mwanamke wa Kiingereza, aliyepata udaktari wake huko mwaka 1901. Mwaka 1907 chumvi iliyotakiwa ilipatikana, nayo ilikuwa ya urujuani. Jørgensen, baada ya ubishi wa miaka 14, alikubali kwamba ameshindwa. Werner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1913. Afya yake ilidhoofika mapema, akafariki mjini Zurich tarehe 15 Novemba, 1919, akiwa na miaka 52.

Tuzingatie jambo moja. Werner alipoandika makala yake, elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa; iligunduliwa mwaka 1897. Sababu ya rangi ilikuja baada ya kifo chake, kuanzia kazi ya Hans Bethe ya mwaka 1929. Majirani wa Werner huzigusa kwa nguvu zao obiti tano za d, ambazo vinginevyo zingekuwa sawa kwa nishati, na kuzigawa katika makundi mawili. Elektroni iliyo katika kundi la chini hufyonza sehemu ya mwanga na kupanda juu. Sehemu inayobaki ndiyo tuionayo. Ayoni ya shaba katika maji hufyonza mwanga wa upande wa wekundu, na macho yetu huona buluu. Ayoni ya zinki ina obiti d zilizojaa, hivyo elektroni haina nafasi ya kupandia.

Kwa hiyo tumebadili mpango wa somo. Kwanza tunapasha moto fuwele za mrututu hadi ziwe nyeupe. Kisha tunatia maji, na buluu inarudi. Tukiongeza amonia kwa wingi, buluu inakoza sana. (Mrututu ni sumu, na mvuke wa amonia huumiza macho, mwalimu afungue madirisha.) Shaba ni ile ile, waliobadilika ni majirani. Hapo wanachuo huchora umbo la Werner, na obiti d huja mwisho. Tunawaonya pia kwamba permanganeti haifuati kanuni hii: rangi yake hutokana na elektroni kuhama kutoka oksijeni kwenda kwenye manganisi.

Katika somo mojawapo, mwanachuo aliyelelewa shambani alituuliza: ikiwa mrututu ukikosa maji huwa mweupe, mbona dawa iliyokauka juu ya jani la kahawa hubaki na buluu yake? Darasa lilijadili kwa muda mrefu. Mwishowe walifikia wenyewe kwamba kukauka kwa jani si sawa na shaba kupoteza majirani zake, kwani ndani ya dawa kavu bado imezungukwa. Swali hilo halimo katika kitabu chetu cha kiada. Lilizaliwa kwa sababu wanachuo waliona kwanza, wakahesabu, wakachora, ndipo wakaelezwa. Werner alifuata utaratibu huo, nasi walimu hatuna sababu ya kuupindua.