Al-Khazini na Mizani ya Hekima

Wasomaji wataniwia radhi nikianza habari za mwanachuoni wa Kiislamu aliyeishi yapata miaka 900 iliyopita kwa kisa cha mtungi wa maziwa huko Keroka. Mtungi huo ndio ulionifikisha kwake.

Keroka ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Kisii, upande wa pili ni Nyamira, na barabara ya kwenda Sotik hupita hapo hapo. Nilikuwa mgeni wa rafiki yangu, Mgusii niliyefanya naye kazi Mombasa kwa miaka mingi, naye sasa amerudi kwao kulima chai na ndizi. Asubuhi moja, ukungu ungali umetanda na baridi ikitupenya sisi watu wa pwani hadi mifupani, tulikwenda mahali ambapo wafugaji hupeleka maziwa yao kuuza.

Mnunuzi alikuwa kijana. Mkononi alishika chombo cha kioo chenye tumbo nene upande wa chini na shingo nyembamba iliyochorwa mistari. Wenyewe hukiita laktomita. Hukitumbukiza katika maziwa kikaelea, kisha husoma mstari uliolingana na uso wa maziwa. Maziwa yakitiwa maji huwa mepesi zaidi, na chombo huzama kupita mahali pake. Hapo mwenye maziwa huambiwa ayarudishe nyumbani.

Ilipofika zamu ya mama mmoja mtu mzima, chombo kilizama. Kijana akatikisa kichwa, akamwambia maziwa yake yana maji, hayapokei. Mama akaapa kwamba ametoka kukamua sasa hivi, wala hakutia hata tone. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka chinichini. Akauchukua mtungi wake akaenda kuketi kando, ameinamisha uso.

Rafiki yangu hakuridhika. Aliugusa ule mtungi akaona bado una joto. Akamsihi kijana asiamue kwa haraka, bali mtungi uwekwe ndani ya maji baridi, maziwa yapoe na povu litulie, kisha yapimwe upya. Ikafanyika hivyo. Mara ya pili chombo kilisimama sawasawa kwenye alama. Kumbe kilichokuwa kimekizamisha ni joto la kiwele na hewa iliyoingia wakati wa kukamua, wala si maji. Kijana aliona haya, akayapokea maziwa, na yule mama akaenda zake bila kusema neno.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilijiuliza ni nani waliokuwa wa kwanza kufikiri kwamba uzito wa maziwa, asali au mafuta unaweza kutoa ushahidi juu ya mtu aliyeviuza. Niliporudi pwani nilitafuta vitabu, na miongoni mwa majina niliyokutana nayo, moja lilinishika nisiweze kuliacha. Ni jina la Abu al-Fath Abd al-Rahman al-Khazini, mtu wa Marw.

MTUMWA WA MWEKA HAZINA

Marw ulikuwa mji mkubwa wa Khurasan, na magofu yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan. Al-Khazini aliishi huko katika zama za Waseljuki, wakati wa Sultani Sanjar, aliyefariki mwaka 1157. Hakuzaliwa katika nyumba ya wakubwa. Alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kirumi, yaani Mgiriki, na bwana wake alikuwa mweka hazina wa Marw. Jina la al-Khazini limetokana na cheo cha bwana huyo, na sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani kulielewa, kwa kuwa neno hazina tunalo midomoni mwetu kila siku.

Bwana yule alimtendea jambo jema. Alimsomesha jiometria, falsafa na elimu ya nyota kama mtu anavyomsomesha mwanawe. Kijana akawa huru, akawa mwanachuoni, akatunga majedwali ya mwenendo wa nyota ambayo aliyapa jina la Sultani Sanjar. Kazi hiyo peke yake ingetosha kumpa jina. Lakini iliyomfanya akumbukwe hata leo ni kitabu alichokimaliza mwaka 515 wa Hijria, yaani 1121, kiitwacho Mizani ya Hekima.

MIZANI ILIYOVUNJWA

Kitabu hicho hakikuzuka hivi hivi. Kabla yake palikuwapo mwanachuoni mwingine wa Khurasan, al-Isfizari, aliyeishi zama moja na Umar Khayyam. Al-Isfizari alitumia miaka mingi kutengeneza mizani ambayo ingeweza kutambua dhahabu na fedha iliyochanganywa na madini duni. Alipoikamilisha aliipeleka kwa ajili ya hazina ya Sultani.

Mtunza hazina alipoiona aliingiwa na hofu. Alijua kwamba mizani ile ikitumiwa, hiana yake mwenyewe itafichuka. Akaivunja na kuiharibu kabisa. Wanahistoria wanasimulia kwamba al-Isfizari alipopata habari alishikwa na huzuni, akaugua, na akafa kwa majonzi.

Msomaji afikirie hapo. Kumbe tangu zamani hizo mpimaji wa kweli alikuwa na adui, na adui huyo hakukaa mbali. Alikuwa ndani ya hazina, ameshika funguo.

Al-Khazini ndiye aliyeinyanyua kazi hiyo ilipoangukia. Alikusanya yaliyosemwa na Wagiriki tangu Archimedes, akaongeza vipimo vya al-Biruni na rai ya Umar Khayyam, akatengeneza upya mizani ile kwa usanifu zaidi. Ilikuwa na sahani 5, na mojawapo ilining'inia ndani ya maji. Siri yake ni nyepesi kueleweka. Kitu chochote kikizamishwa majini hupungua uzito, na kiasi kinachopungua ni sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Kwa hiyo ukipima pete hewani, kisha ukaipima majini, utajua kama ni dhahabu tupu au ina shaba ndani yake, nawe hukuikwaruza wala kuiyeyusha.

Wepesi wa mizani yake kuhisi uzito ulikuwa wa ajabu. Hata ikibeba mithkali 1,000 iliweza kuonyesha tofauti ya punje moja, na kwa hesabu ya kitabu punje 68 ndizo zilizofanya mithkali moja.

ASALI, MAFUTA NA MAZIWA

Hakuishia kwenye vito na madini. Alikuja pia kwenye vitu vya jikoni na sokoni, akavilinganisha kimoja kimoja na maji matamu ya ujazo ule ule. Hakuandika kwa desimali kama tuandikavyo sisi, lakini wataalamu wa baadaye walizigeuza hesabu zake. Tukiyafanya maji matamu kuwa 1, mafuta ya zeituni kwake yalikuwa 0.920, asali 1.406, na maji ya bahari 1.041. Leo mafuta safi ya zeituni hupimwa baina ya 0.910 na 0.916, na asali hukaribia 1.4. Mtu aliyefanya kazi bila umeme wala kipimajoto alikaribia kiasi hicho!

Pengine alipitiliza. Maziwa ya ng'ombe aliyaandika kuwa 1.110, ilhali leo tunajua kwamba maziwa mazuri huwa baina ya 1.028 na 1.032 au karibu na hapo. Nimelitaja hili kwa makusudi, kwani kumsifu mtu kwa uongo katika habari za mizani kungekuwa ni kumdhulumu.

Ndani ya kitabu hicho kumeelezwa pia chombo ambacho al-Khazini amemnasibishia Pappus, Mgiriki wa zamani. Ni bomba la shaba lenye uwazi ndani, limetiwa uzito upande wa chini, na ubavuni lina mistari. Hutumbukizwa katika kimiminika likaelea, na mstari uliolingana na uso wa kimiminika ndio jibu. Niliposoma ukurasa huo nilikumbuka mkono wa yule kijana wa Keroka. Badili shaba kwa kioo, nawe unayo laktomita.

Na lile kosa la kijana? Al-Khazini alilijua. Aliandika kwamba maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, akayapa ya moto 0.958. Kitabu chake kinasisitiza hata maji ya kupimia yajulikane ni ya mto gani na majira gani. Laktomita zetu leo hufuata kanuni hiyo hiyo. Iliyotengenezwa kwa nyuzi 20 hushuka kama alama 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi hapo. Maziwa yatokayo kiweleni, yenye joto la mwili wa ng'ombe, yatapoteza zaidi ya alama 3 bila ya kutiwa tone la maji.

Kwa upande mwingine, mwerevu akiengua malai, maziwa huwa mazito zaidi. Akiongeza maji kidogo, chombo hurudi pale pale panapotakiwa, na mnunuzi amekwisha kudanganyika. Mafuta nayo ni taabu zaidi, maana ya zeituni, ya ufuta, ya alizeti na yale ya maparachichi yanayolimwa kwa wingi Kisii na Nyamira yote yamekaribiana mno kwa uzito. Ndipo wanakemia wa baadaye walipotafuta njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mrusi Mikhail Tsvet alipitisha rangi za majani katika bomba lililojazwa unga wa chokaa, zikaachana tabaka tabaka, na njia hiyo ikaitwa kromatografia. Kwa njia za jamii hiyo, maabara za leo huyatenganisha mafuta asidi moja moja. Ya nazi hujulikana mara moja, kwa kuwa karibu nusu yake ni asidi iitwayo loriki, ambayo katika zeituni na parachichi ni kama haimo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimemchukulia rafiki yangu chupa ya mafuta ya nazi. Kulipokucha yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Mkewe alinihurumia, akidhani muuzaji wangu ameniuzia mafuta mengine. Tuliiweka chupa juani, yakayeyuka, yakarejea kama nilivyoyanunua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na Kisii hilo ni jambo la kila usiku. Baridi nayo ilikuwa imemsingizia mtu.

MTU NA PAKA WAKE

Sasa nirudi kwa al-Khazini mwenyewe, maana maisha yake ni sehemu ya mizani yake. Alivaa kama wavaavyo wachamungu, na nyama aliila mara 3 tu kwa juma. Sultani alimpelekea dinari 1,000, naye akazirudisha. Mke wa amiri mmoja mkubwa naye akampelekea dinari 1,000, nazo akazirudisha. Alieleza kwamba anazo dinari 10, kwamba kwa mwaka mzima dinari 3 zinamtosha, na kwamba nyumbani mwake hamna mwingine ila paka.

Wapo watakaoona kuwa huo ni ukaidi. Mimi naona alikumbuka kilichompata al-Isfizari. Mtu ambaye kazi yake ni kuwapima wengine akishapokea kutoka kwao, kidole chake kimekwisha kaa juu ya sahani. Yeye mwenyewe alifungua kitabu chake kwa kuzungumzia uadilifu, akaihesabu mizani kuwa ni chombo chake. Na sisi tuliosoma chuoni tunaijua sura ya 83 katika Kurani na onyo lake kwa wapunjao vipimo.

Marw uliangamizwa na Wamongoli mwaka 1221, lakini Mizani ya Hekima ilisalimika. Katikati ya karne ya 19, Khanikoff, aliyekuwa konsuli wa Urusi huko Tabriz, aliitafsiri sehemu yake, na wanazuoni wa Ulaya na Marekani wakastaajabu.

Mimi nilistaajabu zaidi pale Keroka. Chombo kilikuwa kizima na mistari yake ilikuwa ya kweli, na bado nusura mama wa watu afedheheshwe mbele ya jirani zake. Kilichomwokoa ni mtu mmoja aliyekubali kungoja maziwa yapoe. Mwenyezi Mungu amrehemu al-Khazini, na awape subira ile wote walioshika mizani, wa sokoni na wa hazina.