Johannes Rebmann, Mkusanya Maneno

Mtu asimamaye alfajiri katika miteremko ya mashariki ya Mlima Meru, kabla mawingu hayajapanda, huuona Mlima Kilimanjaro kwa mbali na kilele chake cheupe. Kila mtoto wa shule katika Arusha ajua kwamba weupe ule ni theluji na barafu. Lakini alikuwapo mtu mmoja ambaye, kwa kutaja neno hilo tu, alichekwa na wenye elimu wa Ulaya kwa muda wa miaka mingi. Mtu huyo ni Johannes Rebmann, na kazi ya maisha yake ilikuwa kutafuta maneno.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Ujerumani. Alisoma katika chuo cha misheni huko Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza, akajifunza Kiingereza, akatumwa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1846 akafika Mombasa. Huko alimkuta Mjerumani mwenziwe, Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kuandika kamusi ya Kiswahili. Mwaka ule ule wote wawili wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa.

Kazi yao ilikuwa ngumu. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, lakini wageni hawa walitaka kukiandika kwa herufi za Kilatini, na maana ya kila neno kuiandika kwa Kiingereza, ambacho nacho si lugha yao. Tena maneno ya lugha zetu hubadilika mwanzo wake. Mtu husema mlima, na ikiwa mingi husema milima. Ukiwa mdogo husema kilima, na vikiwa vingi husema vilima. Mwenye kukusanya maneno hana budi kusikiliza mpaka atambue kwamba herufi zilizobaki mahali pake katika maneno hayo yote ni L, I, M na A, na kwamba hapo ndipo lilipo shina la neno. Wala akikutana na mtu asemaye kwamba analima shamba, asidhani kuwa ni shina lile lile. Herufi ni zile zile, lakini maana ni mbali. Mambo kama hayo hayajulikani kwa siku moja. Rebmann alikaa na wenyeji, akauliza, akaandika, akasahihisha, akauliza tena.

Katika Aprili ya mwaka wa 1848 alifunga safari kwenda Uchagani, pamoja na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache. Silaha hakuwa nayo. Alichukua mwavuli wake tu. Tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima mrefu kitu cheupe, akadhani kwanza ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Yule hakuwa na jina la hakika la kumpa. Akajibu kwamba ni baridi tu. Rebmann alipolisikia neno hilo, akafahamu mara moja kwamba ni theluji, maana katika nchi yake alikuwa ameiona kila mwaka tangu utoto.

Hata hivyo hakuridhika na macho yake peke yake. Alipokwenda tena Uchagani aliwauliza wenyeji. Wakamweleza kwamba kitu kile hung'aa kama fedha, lakini kikiteremshwa chini huwa maji matupu. Na ya kuwa watu waliopanda huko wengine walikufa kwa baridi, na wengine walirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Basi neno moja la kiongozi likapata ushahidi.

Habari hizo zilipigwa chapa London mwaka wa 1849. Mwanachuoni mmoja jina lake Cooley, ambaye alikuwa ameandika mengi juu ya Afrika bila kuikanyaga, akazikataa, akadai kwamba theluji ile imo katika mawazo ya Rebmann tu. Watu wengi wakamwamini Cooley. Rebmann hakuacha kazi yake kwa ajili ya dhihaka hizo. Mwaka wa 1862 Baron von der Decken alipanda mlima ule hata kimo cha futi zipatazo 14,000, na theluji ikamwangukia huko. Ndipo ikajulikana kwamba Rebmann alisema kweli.

Katika miaka ile Rebmann alikuwa ameshika kazi nyingine. Alikutana na mtumwa mmoja, jina lake Salimini, aliyetekwa katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Nyasa akaletwa pwani. Tangu mwaka wa 1853 Salimini alimtajia maneno ya lugha ya kwao, na Rebmann akayaandika moja moja. Salimini alikuwa amenyang'anywa nchi yake na jamaa zake, lakini lugha yake hakunyang'anywa. Kwa kinywa chake maneno ya watu wa ziwani yaliingia katika kitabu.

Krapf alirudi Ulaya mwaka wa 1853, na Rebmann akabaki. Mwaka wa 1866 mkewe Emma alifariki. Macho yake pia yakaanza kufifia. Mwaka wa 1873 wageni kutoka Uingereza walimkuta Rabai, karibu kuwa kipofu, naye angali akishughulika na kamusi zake. Mtu aliyetumia miaka yake yote kuzipanga herufi, sasa hakuweza kuzisoma. Mwaka wa 1875 aliondoka Afrika akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alikuwa amekaa miaka 29, wala hakupata hata mara moja kurudi kwao. Alifariki huko Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876.

Hakukishika mkononi kitabu hata kimoja katika kamusi hizo. Kamusi ya lugha ya Salimini ilipigwa chapa mwaka wa 1877, nayo ilitengenezwa na Krapf. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf, ambayo Rebmann aliisaidia, ilitoka mwaka wa 1882, na ile ya lugha ya watu wa Rabai mwaka wa 1887.

Mwanafunzi afunguaye kamusi leo hulipata neno alitakalo kwa dakika moja, kwa kufuata herufi zake. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho kilijazwa na watu waliouliza jina la kila kitu, na watu waliokubali kuwajibu.