Charles Wheatstone na Akrabu ya Hatua

Itazame, ewe msomaji, saa ya ukutani ya betri. Akrabu ya sekunde katika saa nyingi haiteleji. Hupiga hatua, ikasimama, kisha ikapiga nyingine. Ndani mna mota ya hatua. Mota ya kawaida ukiitia umeme huzunguka mfululizo. Hii hungoja pigo: pigo likija sumaku huamka, huvuta, hatua hutimia. Miongoni mwa waliotangulia kuuendesha umeme hivyo ni Charles Wheatstone.

Alizaliwa karibu na Gloucester, Uingereza, mwaka 1802, katika jamaa ya mafundi wa ala za muziki. Ndiye aliyebuni konsertina, nduguye kodiani tuliyoizoea katika taarabu. Chuo kikuu hakusoma, lakini mwaka 1834 alifanywa profesa wa King's College, London. Alikuwa mwingi wa haya. Kusema mbele ya watu kulimtaabisha, hata rafikiye Michael Faraday akawa humtolea mihadhara yake.

Mwaka 1837 yeye na William Cooke walipata hati ya simu ya kupelekea habari kwa waya. Mwaka 1840 akaleta chombo chepesi zaidi, chenye uso kama wa saa, ila penye nambari pana herufi. Kila pigo la umeme lilisogeza akrabu herufi moja, na asiyejua ishara za simu akaweza kusoma.

Faida ikazaa fitina. Simu ni ya nani? Cooke alidai ni yake. Wheatstone akashika kuwa bila ilimu yake isingalifanya kazi. Mwaka 1841 waamuzi wawili, Marc Brunel na Profesa Daniell, wakawagawia sifa wote wawili. Nyoyo hazikupoa, miaka ya 1850 walirushiana vijitabu.

La ajabu ni hili. Mwaka 1843 Wheatstone alieleza njia ya kupimia ukinzani wa umeme, akakiri kuwa aliyeitangulia ni Samuel Christie, mwaka 1833. Hakusikilizwa. Hadi leo wanafunzi huiita daraja la Wheatstone.

Alifia Paris mwaka 1875. Mwendo wa hatua haukufa naye: miaka ya 1920 ulitumika katika manowari za Uingereza, na leo mota nyingi za namna hiyo hupiga hatua 200 kamili kwa mzunguko mmoja. Sifa aliyoigombania aligawiwa nusu; ile aliyoirudisha kwa mwenyewe, walimwengu wakamwachia yote.