Mhandisi wa helikopta aliyebuni Vespa

Abiria anayeshuka Pugu Kajiungeni na kupanda bajaji kwenda nyumbani huenda hajapata kulisikia jina la Corradino D'Ascanio. Hata hivyo, asili ya chombo hicho inarudi kwenye meza ya mhandisi huyo wa Italia, mtu ambaye hakupenda pikipiki hata kidogo.

D'Ascanio alizaliwa Februari 1, 1891 katika mji wa Popoli na kuhitimu uhandisi Torino mwaka 1914. Moyo wake ulikuwa angani. Oktoba 1930, helikopta yake ya D'AT3 ilikaa hewani dakika 8 na sekunde 45, ikafika pia urefu wa mita 18, rekodi kubwa kwa wakati ule. Wanunuzi hawakujitokeza, naye akaingia kampuni ya Piaggio kubuni panga za ndege.

Vita Kuu ya Pili iliacha kiwanda cha Piaggio cha Pontedera magofu. Enrico Piaggio alitaka usafiri wa bei nafuu, lakini sampuli ya kwanza haikumridhisha. Kazi akapewa D'Ascanio.

Chuki yake kwa pikipiki ndiyo iliyomwongoza. Mnyororo huchafua nguo, akauondoa na kuiweka injini kando ya gurudumu la nyuma, imefunikwa. Kubadili tairi ni adhabu, akalishika gurudumu la mbele kwa mkono mmoja wa pembeni, kama la ndege. Gia akazileta mkononi. Mbele ya dereva akaacha nafasi, hata aliyevaa sketi aketi bila taabu, huku ngao ya bati ikimkinga na matope. Jambo ambalo mkazi wa Pugu wakati wa masika hahitaji kuelezwa.

Hati ya ubunifu iliwasilishwa Aprili 23, 1946. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 98, na jina likawa Vespa, yaani nyigu. Mwaka 1948 akafuata Ape, nyuki wa magurudumu matatu. Miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio, na ndiyo iliyokuja kuyapa magurudumu matatu jina lake mitaani Dar es Salaam.

Sifa za nyigu hazikumtoa D'Ascanio kwenye helikopta. Mwaka 1964, akiwa na miaka 73, alihamia Agusta na kubuni helikopta ndogo ya mafunzo. Alifariki Pisa Agosti 1981. D'AT3 haikupata kuingia sokoni.