Erlang, mwalimu aliyepiga hesabu ya foleni za simu

Siku ya soko mjini Arua, mfanyabiashara aliyevuka kutoka Ariwara huijua saa ambayo pesa za simu hukwama. Wakala anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena, na mwenye mali haachii gunia hadi ujumbe uingie. Huko Koboko, kwenye njia ya Oraba, hali ni ile ile. Wengi hulaumu mvua. Mara nyingine, hata hivyo, hakuna kilichoharibika: watu wengi wameingia kwa pamoja kwenye njia chache. Aliyeiweka hesabu hiyo katika kanuni zinazotumika hadi leo ni Agner Krarup Erlang wa Denmark.

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878, kijijini Lønborg, baba yake akiwa mwalimu wa shule. Inasimuliwa kwamba utotoni yeye na kaka yake walisoma kitabu kimoja wakiwa wamekaa wakitazamana, hivyo Agner akazoea kusoma maandishi yaliyogeuka juu chini. Alipokuwa na miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa chuo kikuu, baada ya kupewa ruhusa maalumu kwa kuwa umri haujatimia. Alifundisha miaka miwili pamoja na babake, akaingia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1896, akahitimu 1901, kisha akarudi kushika chaki.

Huenda angebaki mwalimu tu, kama si mikutano ya chama cha wanahisabati wa Denmark. Humo alikutana na Johan Jensen, mhandisi mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, ambaye hisabati kwake ilikuwa mapenzi ya baada ya kazi. Jensen alimpeleka kwa mkurugenzi wa kampuni, na mwaka 1908 Erlang akaajiriwa. Maabara yake mwanzoni haikuwa na wasaidizi. Wakazi wa jiji walimwona msomi huyo akipita barabarani na kibarua aliyebeba ngazi, akishuka mwenyewe kwenye mashimo ya nyaya kupima umeme unaovuja.

Swali la kampuni lilikuwa la kibiashara kabisa. Laini zikiwa chache, mteja anakosa simu. Zikiwa nyingi mno, mtaji unalala. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu, ingawa kila mtu hupiga anapotaka, kwa ujumla wake hufuata kanuni ya uwezekano. Mwaka 1917 akatoa kanuni mbili: moja ya wanaokataliwa laini zikijaa, nyingine ya wanaosubiri. Hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na intaneti, ambamo data hupangwa foleni kwanza.

Hesabu zake zina jambo ambalo mwenye duka ataliona haraka. Tuseme kampuni inakubali simu moja tu kati ya 100 ikose njia. Laini 10 zitatosha kwa takriban simu 89 za dakika tatu kwa saa. Laini 20 zilizo kundi moja zinafikia kama 240, karibu mara tatu, wala si mara mbili. Ukizigawa upya makundi mawili yasiyosaidiana, unarudi 178. Hii ni sababu mojawapo ya vyuo vya Uganda kuwa na mtandao wa pamoja, RENU, na RENU nao kujiunga na UbuntuNet Alliance yenye makao Lilongwe, Malawi. Mawasiliano ya mpakani bado yako mbali na hapo. Wafanyabiashara wengi hutembea na laini mbili au tatu.

Erlang hakuyafungia makabati matokeo yake. Idara ya Posta ya Uingereza iliichukua kanuni yake kupimia laini, na inasemekana mtafiti mmoja wa Bell nchini Marekani alijifunza Kidenmark ili amsome. Hakuoa. Mshahara wake mwingi uliishia kwenye vitabu na kwa wahitaji waliobisha hodi. Kwa karibu miaka 20 kazini hakuwahi kukosa kwa ugonjwa, hadi alipolazwa kwa upasuaji wa tumbo. Alifariki Februari 3, 1929, akiwa na miaka 51.

Mwaka 1946 kipimo cha msongamano wa simu kilipewa jina lake: erlang moja ni laini moja inayotumika saa nzima bila kupumzika. Baadaye wahandisi wa Ericsson, Sweden, waliunda lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, na kwa lugha hiyo ndiyo mitambo ya WhatsApp ilijengwa, hiyo hiyo inayopitisha picha za mahindi na bei za asubuhi kati ya Arua na Ariwara.